Mnara wa Kiwanja cha Changarawe

Kiwanja chetu cha ndege hakikuwa na mnara wa kuongozea ndege. Kilikuwa na njia moja ya changarawe iliyoanzia chini ya kilima na kuishia karibu na korongo, kibanda cha mabati, mizani ya kupimia magunia, soksi ya kitambaa ya kuonyesha upepo unakotoka, iliyopauka kwa jua, na mwanamke mmoja mwenye redio ya mkononi. Marubani wakiwa bado nyuma ya milima walimwita kwa utani, "Mnara, Mnara, unanipata?" Naye alijibu kwa sauti ya mtu anayeongea na jirani kupitia dirishani, "Nakupata. Upepo unatoka kilimani, ng'ombe wako nje ya uzio, karibu chini." Jina likatoka redioni likaingia sokoni, na mwishowe hata mume wake akawa anamwita hivyo.

Kabla ya hapo alikuwa akiuza kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Siku moja aliingia mwanamume mfupi, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, akataka mabati ya kibanda. Huyo alikuwa Kapteni. Alikuwa ameacha kazi kwenye shirika kubwa la ndege, akauza nyumba aliyoachiwa na baba yake, akanunua ndege moja ya viti tisa. Sasa alikuwa anazunguka miji ambayo mashirika makubwa hayakuwa na habari nayo, akitafuta mahali pa kutua na mtu wa kumwangalizia.

"Unaweza kusoma mizani?" alimuuliza.

"Napima misumari kutwa."

"Na kufukuza ng'ombe?"

"Ng'ombe naweza. Wenye ng'ombe ndio sijui."

Kapteni alicheka. Kabla mwezi haujaisha mwanamke yule akawa na kazi mpya, na duka likawa linatafuta muuzaji.

Asubuhi kabla ya ndege kuja alipanda baiskeli akaikagua njia yote, akitupa mawe pembeni na kufukia mashimo yaliyochimbwa na wanyama. Kisha aliangalia mawingu, akampigia rubani simu kumwambia kilima kinaonekana au kimefunikwa. Abiria walipofika aliwapima mmoja mmoja pamoja na mabegi yao, maana ndege ndogo haina mchezo na uzito. Akina mama wenye miili yao walikuwa wakinuna. "Mizani yako ina wivu, Mnara," walimwambia, naye akajifunza kuandika kilo bila kuzitamka. Mafuta yalikuwa kwenye mapipa, yakivutwa kwa pampu ya mkono. Mume wake, fundi wa kuchomelea, ndiye aliyetengeneza ngazi ya kupandia na kitoroli cha mizigo. Binti yao wa pekee alikulia pale pale, akifanya kazi za shule kivulini mwa kibanda, na aliweza kutambua mlio wa injini kabla sisi wengine hatujasikia kitu.

Ili ujue ndege ile ilikuwa nini kwetu, lazima ujue barabara. Kiangazi ulilala njiani ndipo ufike mji mkuu. Masika, kufika ilikuwa bahati yako. Kwa ndege ulikunywa chai nyumbani, na chakula cha mchana ukala mjini. Ilileta chanjo kwenye masanduku ya barafu, mitihani ya shule, vipuri vya mashine za kusaga, walimu waliokuwa wamekataa kupangiwa kwetu. Ikaondoka na wagonjwa na nyanya. Hospitali ilianza kupata madaktari, kwa sababu daktari alijua kwamba akichoka anaweza kuondoka Ijumaa akarudi Jumatatu.

Na kampuni ikakua. Ndege ya pili ilikuja, kisha nyingine mbili kwa pamoja, kisha yenye injini mbili na viti kumi na tisa, ambayo ilipotua vumbi lilifika sokoni. Kukawa na sare. Mnara akapewa sweta la bluu lenye nembo kifuani, akalivaa hata siku za joto. Kukawa na ofisi ya vioo mjini, na dada wa ofisi ya safari aliyepiga simu kila asubuhi kutoa ratiba. Mnara alizungumza habari za kampuni kama mtu anavyozungumza habari za ukoo wake. "Tumeanza kwenda nchi jirani," alisema. "Tumeajiri wahudumu wa kike, wamefundishwa ng'ambo." Mume wake alikuwa akimtania, "Na mashati ya Kapteni mmenunua mangapi?"

Kisha ikaja siku ya kupokea ndege kubwa, ya kwanza ya aina yake. Kapteni aliagiza Mnara aletwe mjini. Walikuwepo watu wa serikali, waandishi wa habari, na wabia wapya wenye suti za kijivu ambao walikuwa wameingiza fedha zao kwenye kampuni. Kapteni alimshika mkono mbele ya watu wote. "Huyu ni mfanyakazi wangu wa pili," alisema. "Wa kwanza ni mimi." Watu wakapiga makofi. Mnara alilia, akajifuta kwa mkono wa sweta.

Baadaye watu waliruhusiwa kuizunguka ndege. Alisimama chini ya bawa, akaweka kiganja kwenye gurudumu. Lilikuwa nene na safi, halijawahi kuonja vumbi. Akaangalia chini, akaona lami nyeusi, laini kama meza, inakwenda mpaka macho yanachoka.

"Kapteni," alisema, "hii itakuja kwetu lini?"

Kapteni aliwatazama wageni wake kabla ya kujibu. "Hii inataka lami, mama. Lami ndefu."

"Basi tutawekewa."

"Tutaona."

Aliporudi nyumbani mume wake alimuuliza ndege ikoje. "Kubwa," akasema, akaingia ndani kubadilisha nguo.

Ndege kubwa ya pili ilipokuja, ndege mbili ndogo ziliuzwa. Ya tatu ilipokuja, zikauzwa nyingine. Wabia walifanya hesabu zao, wakaona kwamba safari za kwenda kwenye changarawe zinakula tairi na mapangaboi ya injini kwa gharama kubwa kuliko zinachoingiza. Kapteni akapandishwa kuwa mwenyekiti, cheo ambacho kilimpa kiti kizuri na kumwondolea kalamu ya kusaini. Kwetu ndege ilikuwa ikija kila siku. Ikawa mara tatu kwa wiki, kisha mara moja, na hata hiyo moja ikaanza kusuasua.

Hapo ndipo dada wa ofisi ya safari alipompa Mnara maagizo. Asiwaambie abiria kwamba safari imefutwa. Mtu akiambiwa imefutwa, anadai nauli yake. Aseme imesogezwa mbele. Aseme itakuja asubuhi.

Mara ya kwanza ilikuja kweli. Mara ya pili pia. Kisha ikawa haiji, na yeye yuko pale na sweta lake, anawaambia watu waliokaa juu ya mabegi, "Imesogezwa. Itakuja asubuhi." Mwalimu mmoja alikaa pale na suti mpya akisubiri kwenda kumzika baba yake. Alisubiri mpaka alipopigiwa simu kwamba wameshamaliza, akavua koti, akalikunja, akaondoka bila kumsemesha. Mama mwenye mtoto aliyeumia jicho alikuja asubuhi tatu mfululizo. Jicho lile halikupona.

Mji ukaligeuza neno hilo kuwa mzaha wetu. Ukimwomba mtu kitu ambacho hana mpango wa kukupa, anakwambia, "Itakuja asubuhi." Mimi mwenyewe nimelisema, na nimelisema Mnara akiwa karibu, akasikia.

"Acha kazi," mume wake alimwambia. "Wanakutumia kama pazia."

"Nikiacha, nani atakaa pale? Siku ikija ikute ng'ombe katikati ya njia?"

"Siku ikija."

"Inakuja bado."

"Mara ngapi?"

Mnara aliendelea kuikagua njia kwa baiskeli kila asubuhi, na njia ilikuwa safi kuliko wakati wowote, kwa kuwa magurudumu ya ndege hayakuwa yakiichimbua.

Binti yake alikuwa ameolewa na muuza vipuri vya magari, kijana mpole, mwenye duka karibu na stendi. Mimba ya kwanza ilikwenda vizuri. Alijifungua kwenye hospitali yetu, mtoto wa kike, mzima, mwenye kelele. Mnara alimbeba mjukuu wake wakati jua likiwa la utosi, akatoka naye barazani kumwonyesha babu yake. Aliporudi ndani alikuta manesi wanakimbizana.

Damu ilikuwa haikati. Daktari alihangaika nayo muda mrefu, kisha akamwita Mnara na mkwe wake pembeni.

"Nimeziba, lakini ni kwa muda," alisema. "Anahitaji upasuaji na damu ambayo mimi sina. Akilala kimya bila kutikiswa, anaweza kufika kesho asubuhi. Barabara itamtikisa. Ndege ni bora. Kama kuna ndege ya uhakika asubuhi, tusubiri. Kama haipo, muondoke sasa hivi kabla ya giza, kila saa ina maana." Akamgeukia Mnara. "Wewe ndiye unayejua."

Mnara alitoka nje akapiga simu ofisi ya safari.

"Ndege ndogo iliyobaki imekodiwa na watu wa migodi," dada alisema. "Subiri kidogo, mama, niongee na wakubwa." Mnara alisubiri huku simu ikiwa sikioni, akisikia viti na milango ya ofisi ile ya vioo. Dada alirudi. "Mama, itakuja asubuhi."

"Dada, mimi ni Mnara."

"Najua, mama."

"Usiniambie maneno yale. Ni binti yangu."

"Naelewa. Itakuja asubuhi. Wamesema."

"Wamesema, au wamekwambia useme?"

Dada alinyamaza. Labda alikuwa anamtazama mtu aliyesimama mbele yake, labda alikuwa anatafuta neno. "Wamesema, mama," alisema.

Mnara akampigia Kapteni nyumbani kwake. Sauti iliyopokea ilikuwa ya mzee. "Nisikilize," Kapteni alisema, "mimi siku hizi naalikwa tu kwenye mikutano. Lakini nitapiga simu kila mahali. Nisubiri." Akasubiri. Vivuli vilivuka uwanja wa hospitali. Simu haikuita. Wingu lilikuwa linakusanyika upande wa barabara.

Mkwe wake alitoka wodini, shati lake lina damu mikononi. "Mama, inakuja au haiji? Daktari anataka jibu."

Amenisimulia mwenyewe kwamba wakati ule aliwaona wote: mwalimu na suti yake, mama na mtoto wa jicho, wote waliomwamini. Alijua neno lile limetengenezwa wapi na kwa kazi gani. Hakuna mtu aliyekuwa amelitamka mara nyingi kuliko yeye.

"Haiji," alisema. "Tuondoke."

Wakampakia binti kwenye gari la wagonjwa pamoja na nesi, yeye na mkwe wake. Mtoto alibaki hospitali na dada wa baba yake. Mume wake alisimama dirishani mwa gari. "Mimi nitabaki," alisema. "Nitalala kibandani. Ikija nitakupigia."

"Haiji, baba. Usijitese."

"Nitalala tu."

Mvua iliwakuta kwenye mlima. Gari lilikwama mara mbili, dereva na mkwe wakashuka kusukuma, na kila liliponasuka lilimrusha mgonjwa. Mnara alikuwa amekaa sakafuni, kichwa cha binti yake mapajani. Binti alikuwa akiuliza habari za mtoto, kama amenyonya, kama amefunikwa. Baadaye alikuwa anaomba maji tu. Kulipopambazuka walikuwa wamefika mtoni, na mto ulikuwa umejaa. Magari yalikuwa yamesimama pande zote mbili, watu wanaota moto, wanasubiri maji yapungue.

Nyumbani, fundi wa kuchomelea alikuwa ameamka na kuchukua baiskeli ya mke wake. Aliikagua njia yote, akatoa matawi yaliyoletwa na mvua, akafukuza punda mmoja. Alipokuwa anarudi kibandani akasikia redio inaongea.

"Mnara, Mnara, unanipata?"

Hakuwahi kuitumia. Alibonyeza huku, akabonyeza kule, mpaka akapata. "Hayupo," alisema. "Ameondoka kwa barabara."

Rubani alitua hivyo hivyo. Alikuja na daktari, machela na chupa za damu. Kapteni alikuwa amekwenda mwenyewe mpaka mlangoni kwa mmoja wa wabia, akakataa kuondoka mpaka ndege ikaitwa kutoka migodini, na simu ya kumjulisha Mnara ilipopigwa, Mnara alikuwa ameshafika nyuma ya milima ambako hakuna mtandao. Rubani na daktari waliposikia habari waliruka tena kufuata barabara. Wakaliona gari mtoni. Hapakuwa na mahali pa kutua ila mawe na msitu.

Mnara aliusikia ule mlio kabla ya watu wengine wote. Alijua ni ndege ipi. Ilizunguka juu yao mara kadhaa, chini kabisa, mpaka watu walioota moto wakasimama kuipungia mikono. Binti yake alikuwa bado anapumua. Alifumbua macho kidogo akasema, "Mama, yenu hiyo." Kisha ndege ikaondoka, na kabla maji hayajashuka naye akaondoka.

Kapteni alikuja msibani kwa barabara. Miguu yake ilikuwa imevimba, alisaidiwa kushuka garini. Walikaa yeye na Mnara nyuma ya nyumba, mbali na watu.

"Nilikutumia ndege," alisema.

"Najua. Niliiona."

"Mbona hukunisubiri?"

Mnara alikuwa anakunjakunja pindo la khanga yake. "Kapteni, watu wako walinipa neno moja la kuwaambia watu wote. Mliponiambia mimi, ningejuaje kwamba mara hii ni la kweli?"

Mzee yule aliinamisha kichwa. Baadaye aliomba apewe maji, akanywa, akasaidiwa kurudi garini. Hawakuonana tena. Alifariki mwaka uliofuata, na sisi tulisoma gazetini.

Mkwe wa Mnara hakupiga kelele. Aliendelea kukaa hapa mjini kwa muda, akimleta mtoto kila jioni, mpaka siku moja akaja peke yake akasema anahama, anarudi mji wa mama yake, na mtoto atakwenda naye.

"Sikulaumu, mama," alisema.

"Haya."

Akafika mlangoni, akasimama. "Ila nilikuuliza. Nilikuuliza inakuja au haiji."

"Uliniuliza."

"Ukasema haiji."

"Nilisema, mwanangu."

Akaondoka. Mume wake alikuwa chumbani, amesikia yote, na hakutoka. Katika nyumba ile walijifunza kupishana kama wapangaji. Hakumwambia hata siku moja kwamba yeye alibaki na ndege ikaja, lakini jambo ambalo halisemwi lina kiti chake mezani, na wote wawili walikuwa wakilizunguka wakipita.

Kampuni haikutangaza kufunga kituo chetu. Ilimtuma mtu na pikapu kuchukua mizani na redio. Mnara alimkabidhi, akavua sweta akaliweka juu ya mizani. Yule mtu akasema sweta halimo kwenye vitu alivyotumwa. "Chukua tu," akamwambia. Miaka michache baadaye wabia waligombana, ndege kubwa zikafungiwa uwanjani kwa madeni, na kampuni ikafa. Wapo waliofurahi hapa mjini. Yeye alipoambiwa alisema tu kwamba kuna wasichana wengi pale ofisini watakosa kazi.

Kiwanja kimeota majani. Upande wa korongo watu wameanza kujenga.

Siku hizi Mnara anakata tiketi kwenye kampuni ya mabasi stendi. Mwenye mabasi analalamika kwamba anamfukuzia wateja. Abiria akiuliza kama basi litaondoka saa mbili, hasemi ndiyo. Anasema, "Basi liko pale. Dereva sijamwona." Akiulizwa kama njia inapitika anasema jana ilipitika, leo hajui. Wengine wanakwenda dirisha la pili, ambako wanaambiwa kila kitu kiko sawa. Wengine wamezoea, wanakuja kwake.

Mjukuu huletwa likizo za shule. Amefanana na mama yake mpaka inaumiza, na anaongea bila kupumua. Miaka yote baba yake alikuwa akimshusha getini na kumpokea getini. Likizo iliyopita mvua ilikuwa inanyesha, babu yake akatoka na mwavuli akamwambia mkwe wake, "Ingia, mwanangu, utalowa." Akaingia. Akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, akanywa chai, akajibu alichoulizwa. Mnara aliuliza habari za duka lake na afya ya mama yake. Hakumuuliza watarudi lini.

Walipokuwa wanaondoka alitoka nao hadi kwenye gari, akalizunguka, akainama kuzitazama tairi moja moja. Mkwe wake alisimama na mlango wazi akamngoja amalize.